Isale na mjusi, jina moja?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Binti yangu yuko form two hapa Moshi, wamepewa kazi ya kutafuta majina ya kisayansi ya mimea ya nyumbani, tukaanza na isale la mpakani tukaambiwa ni Dracaena, kuingia gugo zinatoka na picha za mjusi mkubwa wa kijani! Si tulifundishwa kila kiumbe na jina lake? – Mama wa form two

JIBU: Marahaba mama, na hongera kwa kukaa na binti kwenye homuweki. Hamjakosea, mjusi huyo yupo kweli, anaishi kwenye maji ya Amazon huko Amerika Kusini, anakula konokono, meno yake ni butu ya kupondea maganda. Na isale hana undugu nalo hata chembe.

Iko hivi, watu wa mimea wana kitabu chao cha sheria za majina na watu wa wanyama wana chao, na hawaulizani. Mmea uliitwa Dracaena mwaka 1767, 1801 Mfaransa Daudin akampa mjusi jina hilohilo, maana yake joka jike kwa Kigiriki, na hakuvunja sheria yoyote. Ila wanyama kwa wanyama hairuhusiwi kabisa, yule mnyama wa Australia mwenye mdomo wa bata aliitwa Platypus mwaka 1799 kumbe kuna mdudu kashaitwa hivyo tangu 1793, ikabidi jina hilo liachwe, ndo akawa Ornithorhynchus.

Sasa jina kamili la kisayansi lina sehemu mbili, la kwanza la jenasi na la pili la spishi, na kuna wanaofanana yote mawili, hapo ndo mimi huwa nasisimka! Ficus variegata ni mti wa Asia, ndugu wa mkuyu wetu, matunda yanabanana kwenye shina lenyewe, na Ficus variegata ni konokono wa baharini ambaye ganda lake limekaa kama tini, juu pana huku chini limechongoka.

Kwahiyo binti asiishie kuandika Dracaena tu, aandike na jina la pili, abebe jani shuleni mwalimu wa baiolojia amsaidie kujua ni aina gani maana masale yako zaidi ya moja, halafu mwishoni aweke jina la mtu aliyeupa mmea jina hilo, kama kwa Ficus variegata, ukiona Blume ni mti, ukiona Röding ni konokono. Na aandike pia kwamba Uchagani jani hilo hupelekwa kuomba msamaha, hiyo gugo haikumwonyesha.