Pumziko la moyo kwa Mkristo wa zamu, Malindi

Mwezi wa Mei hufichua jambo ambalo Desemba hulifunika. Masika yamekolea, hoteli kadhaa zimefunga, na mhudumu ameambiwa akae nyumbani mpaka aitwe. Muda anao tele, lakini usiku kucha anahesabu kodi na ada. Kaskazi ikirudi na wageni wakijaa, yuleyule hulalamika kwamba kazi imemnyima raha. Basi kiini si kazi. Katika Mathayo 11, Yesu hakuwaahidi waliolemewa kwamba watakaa bure. Aliwapa nira yake, na nira ni chombo cha kazi. Raha aliyoitaja ni ya nafsini, na yaweza kukaa pamoja na jasho.

Tenga dakika 15 kabla ya zamu. Anayeingia kazini saa kumi na mbili huwa ameshaamka adhana ya alfajiri inaposikika, na mtaa ungali kimya. Keti na daftari na Biblia ya karatasi, kwa maana ile ya simu huja na ujumbe wa kikundi cha michango. Dakika 5 za mwanzo andika kila kinachokukaba, kila kimoja mstari wake: ada, mgonjwa, deni la dukani. Kisha soma Zaburi 131 mara mbili, polepole. Ina mistari 3 tu, na picha yake ni ya mtoto aliyeachishwa ziwa: halilii tena maziwa, amemtaka mama mwenyewe. Dakika zilizobaki, mtajie Mungu yale ya daftarini moja baada ya jingine, na kila ulilomkabidhi litie nukta. Wengi hukosea kwa kuanza na saa nzima na sura 4. Siku ya tatu wameacha, na juu ya uchovu wamejitwika hatia.

Ukisinzia, kalale. Katika 1 Wafalme 19 Eliya alikuwa ameomba afe. Alilala, malaika akamwamsha ale mkate na kunywa maji, akalala tena, akala tena. Safari ya Horebu na ile sauti ya utulivu vilikuja baadaye. Anayepata usingizi wa saa 4 tu kila usiku asijishtaki kwamba imani yake imepungua. Usingizi ndio uliopungua. Azime simu saa tatu usiku.

Sasa siku ya ofu, ambayo ndiyo ngumu zaidi. Mhudumu wa hoteli mara nyingi hufanya kazi Jumapili. Ofu ikiangukia Jumanne, ailinde Jumanne. Aianze Jumatatu magharibi. Walawi 23 husema jioni hata jioni, na watu wa pwani nao tangu zamani huhesabu hivyo: jua likizama, siku imebadilika. Kabla ya hapo sare iwe imefuliwa, mitungi imejaa, pesa za kutuma nyumbani zimekwenda. Kazi hizi zikiachwa hadi asubuhi, zitaila siku yote.

Lakini kinachoila zaidi ni kanisa, na hili lisemwe waziwazi. Mazoezi ya kwaya, kesha, kamati ya harusi, matanga: huduma nayo ni kazi, na Martha alikuwa akimhudumia Yesu mwenyewe alipofadhaika. Shika moja. Kwa mengine mjibu kiongozi wako mapema na kwa adabu: "Mama, Alhamisi nitakuwepo, Jumanne sitapatikana." Usitoe sababu ndefu, kwa maana sababu ndefu hufungua majadiliano. Ibada usiikose kabisa, tafuta jumuiya inayokutana katikati ya juma.

Ukitaka saa moja ya kimya nje ya nyumba, kuna lile kanisa dogo la Wareno lenye paa la makuti, karibu na bahari. Mmisionari Mkatoliki Francis Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India. Ufukweni nenda asubuhi mapema, maji yakiwa yamekupwa, kabla ya wachuuzi kufika.

Daftari usilitupe. Mei ikija na hoteli zikifunga, lisome tangu mwanzo, yaliyokwisha uyapige mstari, yaliyobaki uyahamishie daftari jipya.