Utumwa Ulikoma Mwaka Gani? Na Mizani za "Mvuvi"

SWALI: Assalamu alaykum. Katika mtihani wa skuli niliandika kuwa utumwa Zanzibar ulikomeshwa 1873, nikakosa. Daftari la mwenzangu lina 1897. Upi sahihi?
Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Wete

JIBU: Waalaykumu salaam. Miaka yote miwili ni ya kweli, ila kila mmoja una swali lake. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alikubali mkataba na Waingereza: kusafirisha watumwa baharini ikawa marufuku, na soko la watumwa la Mkunazini, mjini Zanzibar, likafungwa. Hiyo ni biashara. Aliyekuwa akichuma karafuu shambani kwa bwana wake aliamka siku ya pili yake mtumwa vile vile.

Utumwa wenyewe uliguswa 6 Aprili 1897, kwa amri ya Sultani Sayyid Hamoud bin Mohammed iliyouondolea hadhi ya kisheria. Hapa ndipo wengi wanapopoteza alama, kwani huandika kuwa watumwa wote waliachwa huru siku ile. Sivyo. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, bwana akalipwa fidia, na masuria (watumwa wa kike waliowekwa kinyumba na mabwana zao) hawakuingizwa katika amri ile. Wao walisubiri hadi 1909. Jibu linalowasahau wanawake hao ni pungufu, hata kama tarehe zote zimekaa sawa.

Basi tazama neno la swali kabla ya kushika kalamu. Likisema "biashara ya watumwa", anza na mikataba ya Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar: wa 1822 ulizuia kuwauzia Wakristo, wa 1845 ukazuia kuwatoa nje ya himaya yake ya Afrika Mashariki, kisha 1873. Likisema "utumwa", nenda 1897 na 1909.

SWALI: Shairi langu la mizani (silabi) 16 kwa kila mshororo, yaani mstari, mwalimu kasema mshororo umezidi, nami nahesabu 8 kwa 8.
Mwanafunzi, Chake Chake

JIBU: Kosa mara nyingi huwa kwenye "m". Katika "mvuvi" inasimama peke yake: m-vu-vi, mizani 3. Katika "mvua" inaungana na v: mvu-a, 2. "Mbuzi" ni 2, lakini "mbu" nayo ni 2, m-bu, kama ilivyo n-chi. Jipime kwa mshororo huu:

Mvuvi kenda kuvua, samaki hakuwapata

Ukwapi (kipande cha kwanza) 8, utao (kipande cha pili) 8. Ukipata 7 kwenye ukwapi, umeimeza "m" ya mvuvi, na katika shairi lako umeongeza silabi kuifidia.