Kikundi chetu hakina chama, mbona tunaambiwa tunafanya siasa?

SWALI: Dada shikamoo. Naandika kutoka kijiji kimoja huku Ushetu, Kahama. Tupo wanawake kumi na nane, tulianza na kuweka na kukopa, baadaye tukasema tuongelee na mambo ya kata yetu, mabinti kuolewa wadogo, maji, hela za mikopo ya halmashauri. Ndani yetu wapo wa CCM, wapo wa upinzani na wapo wasiotaka kabisa kusikia habari za vyama. Tulipopeleka barua kuomba nafasi ya kuongea kwenye mkutano wa kijiji tukajibiwa hizo ni siasa, kikundi kisicho na chama kikae kimya kifanye maendeleo. Mume wangu naye kaogopa ananiambia nijitoe. Na sisi wenyewe tunagombana, kila mtu anataka la kwake liwe la kwanza. Tunavunja sheria? Na kipaumbele tunachaguaje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hamvunji sheria yoyote, na huyo aliyewajibu kachanganya vitu viwili. Chama kinatafuta madaraka. Nyie mnataka waliopo madarakani, wawe wa chama gani, wafanye jambo fulani. Sheria ya Asasi Zisizo za Kiserikali ya 2002, hata baada ya marekebisho ya 2019, inapoeleza asasi ni kitu gani inasema haifungamani na chama, na hapohapo inasema kazi zake ni pamoja na utetezi na ushawishi kwenye mambo ya jamii, yaani kutokuwa na chama na kupaza sauti vimewekwa sehemu moja. Nyie ni kikundi kidogo, usajili wenu unaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri (kama hamjasajili fanyeni wiki hii hii), ila maana yake ni ileile. Na juu ya yote kuna Katiba, ibara ya 21, kila raia ana haki ya kushiriki kwenye maamuzi yanayomhusu. Haijasema raia mwenye kadi.

Sasa hilo la mabinti niliseme kwa kirefu maana linaniuma. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu binti wa miaka 15 kuolewa mzazi akikubali, na mahakama inaweza kuruhusu hata wa 14, wakati kijana wa kiume ni 18. Kwa upande mwingine Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016, ukimuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari ni miaka 30 jela. Ziweke pamoja uone, binti yuleyule, umri uleule, akiwa shule muoaji anafungwa, akiacha shule akakaa nyumbani miezi miwili mitatu baba akapokea ng'ombe, ndoa ni halali. Kwa hiyo anayelindwa hapo ni mwanafunzi, na yule aliyekosa sare au nauli akaacha shule ndiye tumemwacha nje, na huyo ndiye mwenye shida zaidi.

Rebeca Gyumi wa Msichana Initiative, asasi inayotetea mabinti, aliipeleka Sheria ya Ndoa mahakamani, na Julai 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu vyake vya 13 na 17, vya umri wa kuolewa na ridhaa ya mzazi, vinakwenda kinyume na Katiba, serikali ikapewa mwaka mmoja irekebishe. Serikali ikakata rufaa, Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa, na baada ya hapo tukaingia kwenye kukusanya maoni, mara 2021, mara 2023. Niambie kwenye hiyo safari yote chama kipo wapi? Binti wa kada wa chama tawala na binti wa mpinzani wote wanaolewa chini ya sheria hiyohiyo.

Haya, kipaumbele. Swali la kujiuliza ni nani anaamua na sisi mlango wake tunaufikia? Umri wa ndoa unaamuliwa bungeni Dodoma, kumi na nane peke yenu hamtaubadilisha, hilo mliunge mkono pamoja na asasi kubwa zenye wanasheria, nyie mpeleke ushahidi wa kijijini, bila kutaja majina ya mabinti. Lakini kipo kipande cha ishu hiyohiyo kilicho mikononi mwenu. Tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule. Wangapi wamerudi kwenye kata yenu? Nani anawapokea, na mtoto anabaki na nani? Majibu yako kwa mwalimu mkuu, kwa afisa elimu kata na kwa mama zao, hayahitaji nauli ya Dodoma. Mimi ningeanzia hapo.

La pili mikopo. Halmashauri inatakiwa itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, kwa hiyo ni wakati mzuri wa kuuliza zimetengwa ngapi na vikundi gani vimepata. Ulizeni kwa barua, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inawapa siku 30 za kujibiwa, na mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Suala la maji msilitupe, ila mengi yake yanapita kwenye chombo cha maji cha kijiji chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, mmoja wenu aingie kwenye kamati yao awe analeta habari. Mambo mawili yanatosha kwa mwaka, kikundi kikibeba mambo saba, ikifika mwezi wa tatu hakuna anayekuja kikao.

Wakati wa kampeni ndio muwe makini kweli. Mkimwita mgombea mmoja waiteni wote, maswali yaleyale, dakika zilezile, na msipokee tisheti, kanga wala hela ya soda ya mtu. Mwanakikundi akigombea akae pembeni kwenye uongozi mpaka uchaguzi uishe. Mumeo mpe daftari la mihutasari asome mwenyewe, na kikao kijacho mkaribishe, anaogopa kwa sababu anakupenda.

Barua ya pili iandikeni fupi. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa angalau kila miezi mitatu, na nyie ni wajumbe wake kama mtu mzima mwingine yeyote wa hapo, kwa hiyo msiombe ruhusa ya kuongea, ombeni ajenda moja: mabinti waliojifungua na kurudi shule kwenye kata yetu, dakika 15. Nakala kwa mtendaji wa kijiji, mtendaji wa kata na afisa maendeleo ya jamii. Wakikataa waombeni sababu kwa maandishi, halafu niandikie tena.