Udongo wa tarantula: mchanganyiko ulionikubali hapa Mbeya

Wanaoniuliza kuhusu kufuga tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya, wengi huanza na chakula. Mimi huwarudisha kwenye udongo. Panzi na mende watapatikana, lakini buibui wa kuchimba akikosa udongo unaoshika hana nyumba, na bila nyumba hali vizuri wala hajivui gamba kwa amani.

Wangu ni jike la Pelinobius muticus, wale wakubwa wa kahawia wa Kenya na Tanzania wenye miguu ya nyuma minene. Hawa maisha yao ni shimoni. Nilipompata, fundi vioo alinitengenezea kisanduku, nikakijaza makumbi ya nazi yaliyosagwa na mchanga wa mtoni, nusu kwa nusu. Wiki mbili alihangaika kuchimba. Kila akifika kina cha kiganja, paa linaporomoka. Mwishowe akaacha, akakaa pembeni amejikunja, mchana kweupe. Buibui wa shimo ukimwona nje mchana siku nzima, ujue pamemshinda. Iliniuma, kwa sababu nyumba ile mbovu nilimpa mimi.

Kilichoniokoa ni udongo wa kichuguu. Kijijini kwetu ndio unaosiribia kuta, na mvua nyingi hupita juu yake bila kuumegua. Nikauponda, nikauchekecha, nikachanganya: makopo matano ya udongo mweusi wa kawaida, mawili ya makumbi, mawili ya kichuguu. Mchanga niliutoa kabisa.

Usiamini makopo yangu kuliko mkono wako, maana udongo wa Tukuyu si wa Iringa. Nyunyiza maji kidogo, jaza kiganja, kamua. Ukifungua mkono, donge libaki na alama za vidole, na ukiligusa lipasuke vipande viwili vitatu. Maji yakichuruzika, anika tena. Kisha shindilia mchanganyiko kwenye ndoo, toboa kwa mpini wa mwiko, uache hadi kesho. Asubuhi tundu likiwa bado duara, umepata. Likiwa limebonyea, ongeza kichuguu.

Ndani ya kisanduku weka kina kisichopungua sentimita 20 kwa buibui mzima, ukishindilia tabaka kwa tabaka. Mwanzishie shimo kwa kidole gumba kwenye kona. Nafasi ya juu iache fupi: tumbo lake ni laini, na akipanda kioo akaanguka kutoka mbali linaweza kupasuka akafa. Akiwemo ndani, kazi yoyote fanya kwa koleo ndefu ya kushikia, wala usiingize mkono. Hawa wa Afrika wanang'ata, na maumivu yake si ya kubeza.

Kuna vitu viwili nawasihi msiweke. Cha kwanza ni maranda. Kwa sisi tulio karibu na Mafinga na Sao Hill, maranda ya paini yapo tele na kila mfuga kuku anayo, lakini utomvu wenye harufu kali haumfai buibui, na maranda hayashiki shimo hata kidogo. Cha pili ni udongo wa shamba linalopigwa dawa, viazi au nyanya. Dawa ya kuua wadudu haimbagui buibui. Pareto yetu wenyewe, zao tunalojivunia, inamuua vilevile. Chota mahali pasipolimwa, mbali na mfereji wa shamba.

Kabla ya kutumia, naukaanga udongo kwenye sufuria kuukuu juu ya mkaa, nusu saa hivi, nikigeuza. Utitiri na mayai ya wadudu huishia hapo. Acha upoe kabisa ndipo uulowanishe.

Juni na Julai ndiyo miezi ya kuwa macho. Baridi ya huku ikikutana na udongo uliolowa, ukungu mweupe unatanda juu kwa siku chache. Miezi hiyo namimina maji kona moja tu, kidogo, yashuke chini huku juu pakiwa pakavu. Kisanduku nakisogeza kwenye ukuta wa jikoni. Usimwekee joto kwa chini: buibui huyu akihisi joto huchimba kwenda chini, kwa hiyo atakuwa anaufuata moto.

Nilipombadilishia udongo, asubuhi ya pili nilikuta vidonge vya udongo vimerundikwa pembeni ya kifuniko ninachomwekea maji. Ya tano, mdomo wa shimo ulikuwa umezungushiwa hariri nyeupe, na yeye haonekani.