Kisu cha kukunja kwa mtu wa Tanga: tazama bawaba kabla ya jina la chuma

Wakuu, salaam. Aliyefungua uzi yuko Tanga mjini, anatafuta kisu kidogo cha kukunja: ubapa usiozidi sentimita 7, kazi zake matunda, kamba, na samaki mmoja mmoja wa kuandaa ufukweni, na kiwe chepesi cha kukaa mfukoni kutwa. Majibu mengi hadi sasa yamegombania majina ya chuma. Chuma nitakifikia. Ila kwa mtu wa pwani mambo mawili yanatangulia: unene wa ubapa karibu na makali, na bawaba inayooshwa ikatakata. Kisu cha chuma ghali kilichozibwa bawaba pande zote huharibika mapema kuliko cha bei ndogo kinachopitisha maji.

Unene kwanza. Kipimo chake kipo kila kona ya mtaa wa Ngamiani hapa Tanga, kwa mmenya machungwa. Ganda la juu linatoka utepe mmoja mwembamba, weupe unabaki mzima, kisha kichwa kinakatwa na chungwa linafyonzwa. Chukua kisu unachotaka kununua umenye chungwa la Muheza vivyo hivyo. Kikizama kwenye weupe na kukurushia maji ya ganda machoni, basi ubapa ni mnene au umenolewa kwa pembe kubwa mno. Kipimo cha pili ni karoti: kata kipande kinene, usikilize. Ukisikia "ta!" karoti ikipasuka kabla makali hayajafika chini, ubapa unafanya kazi ya kabari.

Kwa tarakimu: mgongo wa ubapa milimita 2 unatosha kabisa kwa kisu cha ukubwa huu, 2.5 ni mwisho. Visu vinavyouzwa kwa sifa ya "kazi ngumu" huwa na 3 hadi 4, na kwa urefu wa sentimita 7 unene huo haukusaidii chochote, maana hutakitumia kubandua misumari. Muhimu zaidi ni unene wa pale juu kidogo ya makali, mahali ambapo mteremko wa kunolea unaanzia. Milimita 0.3 hadi 0.4 ni raha. Ikifika 0.7, hata ukinoa wembe, kisu kitabaki kizito kwenye chakula. Wengi husema kisu hakina makali kumbe makali yapo, unene ndio unaokwama.

Hii ndiyo sababu Opinel, kisu cha Kifaransa chenye mpini wa mbao, inapendwa miaka yote. Namba 8 ina ubapa wa sentimita 8.5 na unene usiofika hata milimita 2. Kwa muuliza swali ni ndefu. Namba 6 ina ubapa wa karibu sentimita 7, na ndiyo ndogo kuliko zote zenye pete ya kufungia, ile iliyobuniwa mwaka 1955. Kasoro yake kwetu nitaieleza kwenye mipini.

Umbo la ncha: ncha iliyoshushwa, yenye mgongo unaoinama hadi kukutana na makali, ni salama ndani ya mashua, kwa sababu chombo kikiyumba haikuchomi wala haitoboi nyavu. Lakini haikutoi macho ya nanasi na haikufungulii tumbo la kibua vizuri. Kwa kazi alizotaja mwenzetu, ncha kali iliyo katikati ya upana wa ubapa, na makali yaliyonyooka hadi theluthi mbili kisha kupinda taratibu. Pale makali yanapoanzia, karibu na mpini, kuwe na kidato kidogo cha milimita 2 au 3. Bila hicho jiwe halifiki mwisho, na baada ya kunoa mara nyingi hubaki nundu isiyogusa ubao. Kuna wanaopenda kidato kikubwa cha kuingiza kidole. Kwenye kisu kidogo mimi sikikubali: kinakula sentimita nzima ya makali, tena ile ya karibu na mkono ambayo ndiyo yenye nguvu ya kumenyea.

Sasa bawaba, na hapa naomba msomaji atulie. Hewa ya mitaa ya pwani ya Tanga kama Raskazone na Sahare ina chumvi hata kama hujashika maji ya bahari. Ongeza mchanga, magamba, utomvu wa embe na nyuzi za mfuko. Vyote vinakwenda kukaa sehemu moja, kwenye msumari wa bawaba. Siku hizi visu vingi vina gololi ndogo ili vifunguke kwa wepesi. Dukani vinavutia. Lakini punje ya mchanga ikiingia kwenye njia ya gololi utaisikia inakwaruza, na gololi za chuma cha kawaida hushika kutu mahali usipopaona. Kwa pwani chagua washa bapa za shaba nyeusi, au za nailoni kwa bei ya chini. Zinabana kidogo mwanzoni, kisha zinalainika kwa matumizi.

Mgongo wa mpini nao uwe wazi: pande mbili zishikwe na vijiti viwili vitatu, mwanga upenye katikati. Mpini uliojazwa mgongoni unaweka utelezi wa samaki ndani hadi unanuka. Visu vya komeo la mgongoni, lile unalobonyeza juu ya mpini, vina shida hii zaidi, kwa kuwa wenzo na springi vimejaza nafasi yote. Ni komeo imara, silikatai, ila uwe tayari kuosha kwa mswaki.

Kuosha kwenyewe: fungua ubapa nusu, pitisha maji ya bomba (kamwe si ya bahari), tia tone la sabuni ya vyombo, sugua bawaba kwa mswaki wa zamani, fungua na funga mara kumi ndani ya maji, suuza, kung'uta, kiache kivulini kikiwa wazi kwa saa moja. Kisha tone moja la mafuta ya cherehani kila upande wa bawaba, ukichezeshe mara ishirini, ufute yanayotoka. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa ubapa unaokata chakula, lakini usiyatie kwenye bawaba: yakikaa muda yanaganda na kunata, yanakusanya vumbi. Ukitumia kisu ufukweni, fanya hivi siku hiyo hiyo.

Kukifungua chote ni mara moja kila miezi michache. Visu vingi hutaka bisibisi ya nyota, T8 kwa bawaba na T6 kwa skrubu ndogo. Usilazimishe. Kiwandani hutiwa gundi kwenye nyuzi za skrubu. Ikigoma, gusisha ncha ya chuma cha kuchomea risasi juu ya kichwa chake kwa nusu dakika, gundi italegea. Anayekaza kwa hasira anakivua kichwa cha T6, na baada ya hapo ni kutoboa. Ukirudisha, kaza bawaba hadi ubapa usicheze kushoto na kulia, halafu legeza kidogo kidogo, chini ya robo mzunguko, hadi ufunguke bila kusukumwa kwa nguvu.

Komeo. Kwa machungwa na embe huhitaji komeo lolote. Springi ya mgongoni kama ya visu vya Victorinox inatosha, na sehemu zake ni chache. Lakini unapochoma tumbo la samaki au kupenyeza ncha kwenye fundo la kamba, nguvu inaelekea upande wa kukunjia, na hapo vidole ndivyo vinavyolipa. Kwa hiyo muuliza swali achukue chenye komeo. La bamba la ndani, linaloruka na kusimama nyuma ya ubapa, ni rahisi kuosha na rahisi kukagua: likiwa jipya liguse kitako cha ubapa kwa theluthi hadi nusu ya upana wake. Likianza kuvuka hadi ukuta wa pili limechakaa. Kagua kwa kubonyeza mgongo wa ubapa taratibu kwenye ukingo wa meza, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Kuugonga mgongo kwa nguvu kama wafanyavyo kwenye video ni kuliharibu komeo zima.

Pete ya Opinel na pete ya Okapi ni mambo mawili tofauti, kuna mchangiaji amevichanganya. Ya Opinel inazungushwa shingoni. Ya Okapi inavutwa ili kuinua springi ya mgongoni. Okapi ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, na tangu 1988 inatengenezwa Afrika Kusini. Ni kisu cha kazi kweli, ila ubapa wake wa chuma cha kaboni unataka kufutwa kila mara, na saizi zake zilizozoeleka ni kubwa kuliko anachokitafuta mwenzetu.

Kufungua: tundu la duara kwenye ubapa linafanya kazi hata vidole vikiwa na maji. Kijiti cha dole gumba kinafanya vile vile, lakini kinakaa njiani unapomenya na kinagonga jiwe unaponoa. Kijifuo cha ukucha, ule mfereji mdogo ubavuni mwa ubapa, ni safi kuliko vyote, ila kwa mkono wenye utelezi ni tabu, na springi ikiwa ngumu ukucha unakunjika.

Haya, chuma. Mtu ameisifia D2, aina ya chuma kigumu cha visu. Ina kaboni asilimia 1.5 na kromiamu karibu 12. Kwa hesabu ya karatasi ingefaa, kwa kuwa mpaka wa kuitwa chuma kisichoshika kutu ni kromiamu asilimia 10.5. Lakini kaboni yote hiyo huikamata sehemu kubwa ya kromiamu na kuwa nayo chembe ngumu, na kromiamu iliyokamatwa hailindi. Kwa Tanga D2 itatoa madoa. Linganisha na MagnaCut, chuma kingine cha visu, iliyobuniwa na mtaalamu wa vyuma Larrin Thomas na kutoka 2021: kromiamu yake ni 10.7 tu, na bado inaiacha D2 mbali kwenye maji chumvi, kwa sababu chembe zake ngumu ni za vanadiamu na niobiamu, kromiamu imebaki huru. Ni ghali. Kwa mfuko wa kawaida vyuma visivyoshika kutu vya 14C28N au 12C27 vinatosha sana, na chuma laini kiasi cha Victorinox hunoleka hata kwenye kitako cha kikombe cha udongo kisichopakwa rangi. Vyuma vya H1 na LC200N, ambavyo vimetumia naitrojeni, ndivyo vya mvuvi hasa. H1 tu makali yake yasiyo na meno hulegea mapema. Kumbuka pia kutu huanzia kwenye makali yenyewe kabla hujaiona ubavuni, ndiyo maana kisu kilicholala na chumvi usiku kucha huamka butu.

Mipini. Mbao za Opinel hunywa maji, na wakati wa masika ubapa unakwama ndani. Gonga kitako cha mpini kwenye meza, ubapa utachomoza kidogo uushike. Tiba ya kudumu: ukaushe vizuri, piga msasa kidogo ndani ya mfereji, kisha upake mafuta ya kitani tabaka tatu, kila moja likauke, umalizie na nta ya nyuki. Alumini laini inateleza kwa samaki, na palipo na skrubu za chuma kisichoshika kutu chumvi huifanya itoe unga mweupe. Nailoni yenye nyuzi za kioo haina sura nzuri lakini kwa bahari sijaona inayoishinda kwa bei yake. Mpini wenye mabonde ya vidole epuka: unafaa mkono mmoja tu duniani, ule wa aliyeuchora.

Uzito wengi hawautaji, na kwetu ni jambo kubwa. Mfuko wa kanzu ni kitambaa chepesi. Kisu cha gramu 120 kinaivuta upande mmoja na kukugonga paja. Kwenye kikoi hakuna mfuko, kinakaa kwenye pindo la kiuno, na klipu ngumu inakwaruza uzi. Kaa kati ya gramu 45 na 75, mpini wa sentimita 9 hivi, unene usiozidi milimita 12, na klipu inayofunguka ukitaka kuitoa.

Kunoa kwa ajili ya kamba ni tofauti na kwa ajili ya matunda. Katani inakula makali, na makali yaliyong'arishwa huteleza juu ya nyuzi zake. Ishia kwenye msasa wa maji namba 400 hadi 600 uliolazwa juu ya kioo. Kwa matunda peke yake endelea hadi 1000 na umalizie kwenye mkanda wa ngozi. Pembe: kama ubapa una upana wa milimita 18, inua mgongo milimita 5 juu ya jiwe, hapo una nyuzi 16 hivi kila upande. Noa upande mmoja hadi uhisi kwa kidole kiuzi cha chuma kimejikunja upande wa pili, urefu wote, ndipo ugeuze. Anayegeuza mapema ndiye anayelalamika kuwa jiwe lake halifai.

Kuhusu aliyeuliza kubadilisha mpini kuwa mpingo: inawezekana, na unashika maji kidogo sana kuliko mbao za kawaida. Tumia kipande kilichokauka miaka, kibichi kitapasuka kwenye skrubu. Toboa matundu yote kabla ya kupunguza umbo, vaa barakoa kwa sababu vumbi lake linawasha, na ujue mpingo unazama majini. Kama kisu kitapanda mashua, toboa tundu la kamba mwisho wa mpini, ufunge kipande cha boya la nyavu chenye ukubwa wa limau, kisha ukijaribu kwenye ndoo kabla hujakipeleka baharini.