Barua kwa mwanangu: kisiwa cha tone la wino

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi. Huku Tanga hatujambo, ila vuli imetutupa mkono na mihogo ya baba yako imesinyaa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema kwenye hadithi unayoiandika umebuni taifa la kisiwa kule kaskazini, kwenye barafu, umeshalipa malkia, bunge na bendera, ila jina lake, Glasiria, halikai mdomoni. Unaniuliza nchi hupataje jina. Nilipomtajia baba yako hilo la kwako, akaniuliza kama ni mafuta ya kupaka. Nikamwambia hayo ni gliserini.

Kuna kisa sijawahi kukusimulia. Nilipokuwa nafundisha darasa la sita tulikuwa na ramani moja tu ya ukutani. Siku moja kalamu ilivuja, tone la wino likaangukia Bahari ya Hindi, mashariki mwa Mafia. Nikalifuta kwa mate, likazidi kutanda. Mtihani wa kuchora ramani ulipofika, karibu nusu ya darasa walinichorea visiwa vinne: Pemba, Unguja, Mafia, na hicho cha nne. Mtoto mmoja alikuwa ameshakipa na jina, Mafia Ndogo. Nilimpa alama zake zote. Ramani ilikuwa yangu.

Ulaya nako watu wazima walipatwa na hayohayo. Mwaka 1558, mjini Venice, bwana mmoja, Nicolò Zeno, alichapisha kitabu na ramani, akidai ametoa habari zake kwenye barua za mababu zake waliosafiri bahari ya kaskazini mwishoni mwa karne ya 14. Barua zenyewe, alisema, alizichana utotoni bila kujua thamani yake. (Wewe ulichana daftari langu la mahudhurio, lakini sikupata kisiwa.) Kwenye ramani hiyo, kusini mwa Iceland, kuna kisiwa kikubwa kiitwacho Frislanda, chenye miji na bandari, na mtawala aitwaye Zichmni ambaye amempiga vita mfalme wa Norwei na anajua Kilatini.

Mercator, mchora ramani mkubwa kuliko wote wa wakati wake, alikiingiza kwenye ramani yake ya dunia ya 1569. Na Martin Frobisher, nahodha wa Kiingereza, alipofika Greenland alidhani ndiyo Frislanda. Mwaka 1578 akashuka pwani, akaitwaa kwa niaba ya malkia wake na kuiita Uingereza ya Magharibi. Fikiria: nchi ya kweli imetwaliwa kwa kudhaniwa kuwa nchi ya uongo.

Jina lenyewe Zeno hakulitoa hewani. Ramani za mabaharia wa kabla yake zilikuwa na majina kama Fixlanda, na wengi waliolichunguza wanaona ni Iceland ileile, jina limepita midomo na kalamu nyingi mpaka likaonekana la kisiwa kingine. Ndiyo maana lilikubalika, lilikuwa na sauti ya jina lililokwisha kutumika. Hapo ndipo Glasiria inapokwama, mwanangu. Inasikika kama imetungwa jana na mtu aliyekaa kitini.

Sasa tazama Iceland yenyewe. Watu wake wanasimulia kwamba Flóki, baharia wa Norwei, alikwenda huko na mifugo yake, akakuta ghuba imejaa samaki. Wakavua kiangazi kizima, wakasahau kukata majani ya akiba. Baridi ikaja, ng'ombe wakafa wote. Akapanda mlima, akaona ghuba nyingine imejaa barafu, akaiita nchi Ísland, nchi ya barafu. Jina la mtu aliyepoteza ng'ombe! Kabla yake kuna aliyeiita nchi ya theluji, na mwingine aliyeipa jina lake mwenyewe, na hayo hayakushika. Baadaye Eiríkur Mwekundu aliita ile ya jirani Greenland, nchi ya kijani, ili watu wavutike kuhamia. Mjanja kama dalali wa viwanja.

Bibi yako, Mungu amrehemu, hakusema Zanzibar hata siku moja. Ilikuwa Unguja tu. Zanzibar ni jina la waliokuja kwa jahazi, pwani ya Wazanji. Kwa hiyo kipe kisiwa chako majina mawili: moja la wenyewe, moja la wageni, na wasielewane.

Kuhusu malkia, mimi ningemtoa. Watu wa Iceland walianza baraza lao, Althingi, mwaka 930, bila mfalme na bila jeshi. Mwanzoni sheria hazikuwa zimeandikwa. Kila kiangazi msemaji wa sheria alisimama kwenye mwamba, akazisoma kwa kichwa theluthi moja, na katika miaka mitatu akawa amezimaliza. Ukishinda kesi, kumkamata uliyemshinda ni shauri lako na ndugu zako. Mambo yalikwenda hivyo zaidi ya miaka 300, mpaka koo kubwa zikaanza kumalizana. Mwaka 1262 wakaanza kula kiapo kwa mfalme wa Norwei, na kwenye mapatano yao waliandikisha kwamba meli sita ziwaletee bidhaa kila kiangazi, kwa miaka miwili ya mwanzo. Kisiwa chao hakikuwa na miti ya kuundia meli. Basi, kabla ya bendera, niambie kisiwa chako kinakosa nini. Mbao? Chumvi? Nafaka? Hapo utajua nani anatawala, na nani anamdai nani.

Ile ramani ninayo bado, nimeikunja chini ya kitanda. Tone lipo, limekuwa la kahawia. Ukija Idi nitakuonyesha.

Baba yako anauliza huko Glasiria watu wanakula nini. Nimeitafuta barua yako mwanzo hadi mwisho, sikuona hata samaki mmoja. Mjibu mwenyewe.

Mama yako