Wenye mnaanza Kijerumani, chungeni hii "catch"

Nyinyi wenye mmeanza klasi juzi hapa Kisumu, najua wengi mnasaka kazi ya unesi kule Ujerumani, wacha niwaambie kitu kilinitesa mpaka nikafika B1, ile level ya tatu. Sisi tumefunzwa Kiingereza tangu nasari, so ukitaka kusema kitu kwa Kijerumani kichwa lazima ipitie kwa Kiingereza kwanza na hapo ndio unapotelea.

Chukua "catch" ya Kiingereza. Dikshonari itakupa fangen, na fangen haina shida kama ni mpira ama samaki, wavuvi wa Dunga hiyo ndio kazi yao. Sasa mimi siku moja naulizwa kwa klasi nimefikaje, nikasema kwa roho safi Ich habe den Bus gefangen. Mwalimu alicheka mpaka akashika meza. Kumbe mfungwa kwao ni der Gefangene, yani mi nimesimama pale naambia watu nimeteka matatu ya Kondele!! Gari ukipanda tu kawaida ni nehmen, na kama umeikimbilia ukaidaka ikikaribia kutoka ni erwischen: Ich habe den Bus gerade noch erwischt. Hiyo hiyo erwischen ndio ya kufumania mtu akiiba.

Jina la mtu likikupita, ile "I didn't catch your name", ni verstehen, Ich habe Ihren Namen nicht verstanden. Kitu kikishika moto nayo inakubali fangen, Feuer fangen, usiniulize kwa nini. Ndio maana kwa daftari siandikangi neno moja, naandika sentensi mzima na vile imetumika.

Alafu kuna homa, ile "catch a cold". Ya kitabu ni ich habe mich erkältet, ndani yake kuna kalt, baridi, ni kama umejitia baridi mwenyewe. Lakini jiulize kwa Kiswahili ungesemaje. Homa imenishika, si mimi nimeshika homa, sindio? Sasa Wajerumani wakipiga story zao wanasema Mich hat's erwischt, imenishika, vile tu sisi tunasema, na ungepitia Kiingereza hungewahi kuifikia.

Ila mchunge nayo ju hiyo sentensi pia ni ya mtu ameangukia mapenzi. Mi niliitumia rafiki yangu wa Leipzig nikiwa na mafua, akanijibu anataka kujua ni nani huyo na tulikutana wapi.